Hundi Iandikwe Jina la Nani? Jibu kwa Dada wa Texas Anayetaka Mafao Yake kwa Mkupuo

Swali: "Kaka, shikamoo. Mimi ni Mtanga, naishi Texas mwaka wa kumi na moja sasa, nina Green Card. Sina mume. Nimefanya kazi ya karani wa usajili katika shule ya serikali kwa miaka 9, nikaacha Juni 2025. Umri wangu ni miaka 45. Kwenye TRS, mfuko wa pensheni wa walimu na watumishi wa shule za Texas, nina dola 35,000 hivi, na kwenye 457(b), akaunti ya akiba ya uzeeni niliyokuwa nayo kupitia mwajiri, nina dola 11,000. Kuna kiwanja Pongwe nataka kukilipia, na mwakani nafikiria kurudi nyumbani kumuuguza mama. Fomu ya kudai pesa inaniuliza kama nilipwe mimi au zihamishwe, nami sielewi tofauti. Halafu kaka yangu, aliyefariki Februari 2025 akiwa na miaka 52, alikuwa mfanyakazi wa kaunti. Mfuko wake umeniandikia kwamba warithi ni mimi na mwanawe wa miaka 12, dola 18,000 kila mmoja. Je, nichukue zote niondoke nazo?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa msiba.

Hapana, usichukue zote. Kiwanja kilipie kwa pesa za 457(b). Za TRS ziache zilipo, au ukishindwa kabisa zihamishe bila kuzigusa. Za marehemu usipokee hundi yoyote yenye jina lako kabla hujasoma barua hii hadi mwisho, maana hizo zikikosewa hazirekebishiki.

Kwanza tuelewane kuhusu neno mkupuo, kwa sababu naona limekuchanganya, na hauko peke yako. Nyumbani mtumishi wa umma akistaafu hupewa sehemu ya mafao yake kwa mkupuo na iliyobaki huja kama pensheni ya kila mwezi. Ugomvi wote wa kikokotoo ni juu ya ukubwa wa ule mkupuo. Hiyo fomu ya TRS uliyoishika ni kitu kingine. Ukiijaza unarudishiwa michango yako mwenyewe pamoja na riba ya 2% kwa mwaka, na papo hapo miaka yako 9 ya utumishi inafutwa. Pensheni hakuna tena. Michango ya serikali na ya mwajiri hupewi hata senti. Na huwezi kuchukua nusu ukaacha nusu: ukitoa, umetoa yote.

Sasa hilo swali la fomu, ulipwe wewe au zihamishwe.

Sheria ya kodi ya Marekani haiulizi moyoni unakusudia nini. Inaangalia hundi imeandikwa jina la nani. Ikiandikwa jina lako, mfuko unalazimika kukata zuio la kodi la 20% na kulipeleka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kabla pesa hazijakufikia, hata ukiwapigia magoti. Kwa dola 35,000, hizo ni 7,000 zinazobaki mlangoni, nawe unapata 28,000. Wengi wanadhani kodi imeishia hapo. Haijaisha! Lile zuio ni malipo ya awali tu. Mwaka ukifunga, dola 35,000 zote zinaongezwa kwenye kipato chako, na kwa kuwa hujafikisha miaka 59 na nusu kuna nyongeza ya 10% juu yake, ambayo mitaani tunaiita faini. Ukiwa katika ngazi ya kodi ya 12%, jumla ni 22%, yaani dola 7,700. Pesa zote zikiangukia ngazi ya 22%, jumla ni 32%, yaani dola 11,200. Wewe uliyefanya kazi nusu mwaka uko karibu zaidi na ile ya kwanza, lakini hata hapo zuio halitoshi na Aprili utadaiwa. Nimewaona watu wazima wakilia mbele ya meza yangu mwezi wa Aprili, pesa zimeshakuwa matofali na nondo huko Kibaha.

Njia ya pili ni kuhamisha moja kwa moja. Kwenye fomu utaona maneno direct rollover. Unafungua IRA ya kawaida, yaani akaunti binafsi ya akiba ya uzeeni, kwenye benki au kampuni ya uwekezaji, unawapa TRS jina la kampuni na namba ya akaunti, na hundi inaandikwa kwa kampuni hiyo. Chini yake kuna herufi tatu, FBO, halafu jina lako: maana yake pesa ni za kampuni kuzishika kwa faida yako. Zuio ni sifuri, faini ni sifuri, na kodi ya mwaka huo ni sifuri. Mara nyingine hundi hiyohiyo hutumwa nyumbani kwako uipeleke mwenyewe, na watu hushtuka wakidhani wamekosea. Hapana. Mradi juu limeandikwa jina la kampuni na si lako, uko salama. Usiiweke kwenye akaunti yako ya kawaida, wala usisaini nyuma. Ipeleke ilivyo.

Ikitokea umeshalipwa mwenyewe, kwa pesa zako za kazi una siku 60 tangu uzipokee za kuzitia kwenye IRA. Ila angalia mtego: ulipokea 28,000, na ili usitozwe chochote lazima utie 35,000. Zile 7,000 zilizokatwa unazitoa mfukoni mwako kwanza, halafu IRS watakurudishia ukishawasilisha hesabu za kodi za mwaka huo. Nani ana dola 7,000 zimekaa bure? Ukitia 28,000 tu, zile 7,000 zinahesabiwa kwamba umezila, na faini yake ya 700 juu.

Kuna dereva mmoja wa basi la shule, mtu wa makamo, aliyenijia na hundi ya mfuko ikiwa na jina lake, siku ya 93. Alikuwa ameiweka kwenye droo ya jikoni, chini ya karatasi za dhamana ya jiko la wali la umeme, akaisahau kabisa kwa sababu mkewe alikuwa amejifungua wiki hiyohiyo. Bahasha ilikuwa na alama ya kikombe cha chai. Nilimuuliza jambo moja tu: umeipeleka benki? Akasema hapana. Nikashusha pumzi. IRS wana orodha ya sababu zinazokubalika za kuchelewa zile siku 60, na mojawapo ni hundi iliyopotezwa mahali na haikuwahi kuchukuliwa pesa. Unaandika barua ya kujithibitishia, unaipa kampuni inayopokea pesa, na unazitia mara tu kikwazo kinapoondoka, ndani ya siku 30. Alinusurika. Angekuwa ameitia benki "kwa muda tu", kama wengi wanavyofanya, nisingekuwa na la kumsaidia.

Turudi kwenye TRS yako, maana hapa ndipo penye uamuzi wenyewe. Hukuniuliza kama utoe au usitoe. Uliniuliza utoe vipi. Lakini nitakuwa sijakutendea haki nisipofungua hesabu.

TRS inampa haki ya pensheni mtu aliyefikisha miaka 5 ya utumishi. Ingawa jina lake ni mfuko wa walimu, karani, dereva na mpishi wa kantini wote wamo. Wewe una 9, kwa hiyo ukifika miaka 65 unalipwa kila mwezi mpaka kifo. Hesabu yao ni 2.3% mara miaka ya utumishi mara wastani wa mishahara mitano ya juu. Hukunitajia mshahara, ila kwa salio hilo nakadiria wastani wako ni dola 48,000. Basi 2.3% mara 9 ni 20.7%, na 20.7% ya 48,000 ni dola 9,936 kwa mwaka. Ni dola 828 kila mwezi.

Soma tena hapo. Unataka kuuza dola 828 za kila mwezi kwa dola 35,000, na katika hizo 35,000 utashika labda 27,000. Pensheni hiyo inarudisha 35,000 ndani ya miaka mitatu na nusu.

Nisikudanganye lakini, kwa sababu wapo washauri wanaoishia hapo ili kumtisha mtu. Miaka 65 kwako iko mbali miaka 20, na ile 828 haikui njiani. TRS haina nyongeza ya moja kwa moja ya gharama za maisha. Wastaafu walipata moja baada ya wapiga kura wa Texas kuikubali Novemba 2023, na hiyo ilihitaji kura. Bei zikipanda 3% kwa mwaka, 828 ya wakati huo itanunua vitu ambavyo leo unavinunua kwa 458 hivi. Upande wa pili, ukihamishia 35,000 nzima kwenye IRA na ikakua kwa 6% kila mwaka, utakapofika 65 zitakuwa kama 112,000, na ukitoa 9,936 kila mwaka zitakufikisha miaka 84. Zikikua kwa 4%, zitakuwa kama 77,000 na zitakwisha ukiwa na 74. Kwa hiyo kuhamisha si ujinga. Mtu anayejijua kwamba ataacha pesa zikae miaka 20 bila kuzigusa, na ana watoto anaotaka kuwarithisha salio, anaweza kuchagua IRA na nisimbishie. Kinachonitia shaka kwako ni kile kiwanja. IRA ni sanduku lenye ufunguo mikononi mwako, na ndugu wa nyumbani wakijua ufunguo upo, misiba, ada na harusi havitakosekana. TRS haina ufunguo huo mpaka uandike fomu, na fomu yenyewe inakata yote kwa mkasi mmoja. Kwa hulka yetu, hilo ni jambo jema.

Liko na la Social Security. Wilaya nyingi za shule Texas hazikatwi kodi hiyo. Angalia karatasi yako ya mshahara: kama huoni makato ya 6.2% yaliyoandikwa OASDI au Social Security, miaka yako 9 haikukujengea chochote huko, na pensheni ya Social Security hudai alama 40, yaani karibu miaka kumi ya kazi inayokatwa. Ukifuta TRS unaweza kujikuta uzeeni huna hili wala lile. Zamani watu walishauriana watoe TRS ili isije ikawapunguzia Social Security, na ushauri huo bado unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Umepitwa na wakati. Sheria iliyosainiwa Januari 2025 imeondoa punguzo hilo, kwa hiyo sasa anayestahili vyote viwili anachukua vyote viwili kamili.

Basi kiwanja? Hapa ndipo nilipotabasamu nikisoma barua yako, kwa sababu dawa ulikuwa nayo ukaitaja kwa pembeni. 457(b) ya mwajiri wa serikali ina upendeleo ambao akaunti nyingine hazina: ukishaacha kazi, unaweza kutoa ukiwa na umri wowote bila ile faini ya 10%. Kodi ya kawaida ipo, zuio la 20% lipo, lakini faini hakuna. (Isipokuwa kama ndani yake kuna pesa zilizohamishiwa kutoka akaunti ya aina nyingine. Hizo hubeba faini yake.) Na hapa wengi huharibu kwa kujifanya nadhifu: wanakusanya akaunti zote na kuzimwaga kwenye IRA moja "ili iwe rahisi kufuatilia". Dakika 457(b) inapoingia IRA, upendeleo umekufa, na ukitoa kabla ya 59 na nusu unalipa faini kama mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo 457(b) usiihamishe.

Tena muda wa kutoa una maana. Umesema mwakani unafikiria kurudi nyumbani, na nadhani hutakuwa na mshahara wa Marekani. Kila mkaazi wa kikodi asiye na mwenzi ana msamaha wa kawaida, yaani kipato kisichotozwa kodi, unaozidi dola 15,000 kwa mwaka. Ukitoa zile 11,000 Januari 2026, na mwaka huo huna kipato kingine cha maana, kodi yako ya serikali kuu inaweza kuwa sifuri. Watakata 2,200 mlangoni, utapokea 8,800, na zile 2,200 utazidai mapema 2027. Muuza kiwanja akikusumbua, mpe kishika nafasi sasa kwa kutoa sehemu ndogo, iliyobaki ingoje Januari. Texas yenyewe haina kodi ya mapato, kwa hiyo jimbo halina hesabu nawe.

Kwa wasomaji wengine walio wakubwa kuliko dada huyu: ukiacha kazi ya serikali katika mwaka unaofikisha 55 au baadaye, faini ya 10% haikuhusu kwa pesa zinazotoka moja kwa moja kwenye mfuko wa mwajiri huyo. Polisi na zimamoto wa serikali ni 50. Lakini nao wakiwahi kuhamishia IRA kisha watoe, wamejirudisha kwenye 59 na nusu.

Green Card sasa. Kurudi Tanga na kadi kwenye mkoba hakukutoi katika macho ya IRS. Wewe ni mkaazi wao wa kikodi mpaka uisalimishe rasmi au mamlaka zikuamulie imekwisha, na kwa muda wote huo unawasilisha hesabu za kodi kila mwaka ukitaja mapato yako ya dunia nzima. Kuna usumbufu ndani yake, ila kuna faida pia: msamaha wa kawaida niliokutajia ni wa wakaazi. Ukishaisalimisha unakuwa mgeni. Mgeni akilipwa pesa za uzeeni mwenyewe, zuio kwa kawaida si 20% tena bali 30%, na msamaha ule hana. Wenye mikataba ya kodi na Marekani hupunguziwa, lakini Tanzania haina, Kenya haina, Uganda haina. Sehemu ya lile zuio inaweza kudaiwa kwa fomu 1040-NR, ya hesabu za kodi za wageni, lakini ni safari. Kwa hiyo mpangilio ndio huu: kwanza 457(b), kwanza mambo ya urithi, ndipo kadi. Na kama umekaa nayo miaka 8 au zaidi, siku ya kuisalimisha utahitaji kuthibitisha kwamba hesabu zako za kodi za miaka 5 ziko safi, kwa fomu 8854. Usiipuuze.

Wengine huniuliza kama wanaweza kuhamishia pesa hizi kwenye NSSF ya nyumbani. Haiwezekani. Uhamisho usio na kodi unapokelewa na IRA au mfuko wa mwajiri wa Marekani tu.

Nimefika kwa marehemu. Hapa nenda taratibu.

Wewe ni dada, si mke. Mke au mume wa marehemu ana njia pana: anaweza kuhamishia pesa kwenye IRA yake mwenyewe kama vile alizichangia yeye, na hata akishalipwa ana zile siku 60 za kurekebisha. Mrithi asiye mwenzi wa ndoa ana mlango mmoja tu: uhamisho wa moja kwa moja, kutoka mfuko wa marehemu kwenda IRA maalumu ya urithi. Akaunti hiyo haifunguliwi kwa jina lako peke yake. Inabeba jina la marehemu, ikionyesha amefariki, na jina lako kama mnufaika. Hundi ikiandikwa kwako, hata kwa bahati mbaya, siku 60 hazikuhusu. Imekwisha. Dola 18,000 zote ni kipato cha mwaka huo, na 3,600 zimekatwa mlangoni.

Heri moja: faini ya 10% haipo kwa pesa za marehemu, umri wako uwe wowote. Ndiyo maana mjane mwenye miaka 40 nisingemkimbiza ahamishie kwenye IRA yake mwenyewe. Akizitia huko zinakuwa zake, na akitaka kuzitumia kesho ile faini inamrudia. Akiziacha kwa sura ya urithi, anatoa bila faini.

Zikishaingia kwenye IRA ya urithi, una muda. Kaka yako alifariki 2025, kwa hiyo akaunti yote lazima iwe tupu ifikapo 31 Desemba 2035. Kwa kuwa alikuwa na miaka 52, hajafika umri wa kulazimishwa kutoa, nawe hulazimiki kutoa kiasi fulani kila mwaka katikati. Toa unavyotaka mradi mwisho huo usivukwe. Hapa ndipo ule msamaha wa kawaida unapokufaa tena: ukitoa 2,000 au 3,000 kwa mwaka katika miaka usiyo na kipato kikubwa, unaweza kumaliza 18,000 zote bila kulipa kodi ya serikali kuu. Unapotoa kwenye IRA pia zuio lake ni jepesi, 10%, na unaweza kuomba lisikatwe kabisa, ila pesa zikitumwa nje ya Marekani ombi hilo halikubaliwi. Ziingize kwanza kwenye akaunti yako ya benki ya hapa.

Mtoto wa marehemu yuko katika fungu bora kuliko wewe. Mtoto wa mwenye pesa, akiwa mdogo, huchota kidogokidogo kila mwaka kwa hesabu ya umri wake mpaka afikishe miaka 21, na miaka yake kumi huanza kuhesabiwa hapo, kwa hiyo ana mpaka mwisho wa mwaka atakaofikisha 31. Upendeleo huu ni wa mtoto wa marehemu mwenyewe. Mpwa au mjukuu hana. Hawezi kufungua akaunti akiwa na miaka 12, basi mama yake au mlezi wa kisheria ndiye atakayeisimamia, nawe mweleze mama yake habari hii ya hundi leo hii, maana amepata barua kama yako. Mwambie pia wasitoe kwa pupa: kipato cha mtoto kisichotokana na kazi kikizidi dola 2,700 kwa mwaka 2025, ziada hutozwa kwa kiwango cha mzazi.

Mambo ya mikono sasa, kwa kuwa unasafiri. IRA ya urithi ifungue ukiwa bado una anwani ya Texas na kitambulisho cha jimbo kisichoisha muda. Kampuni nyingi hukataa kumfungulia mtu mwenye anwani ya nje, na baadhi hufungia hata wateja wa zamani wakigundua wamehama, kwa hiyo waulize mapema sera yao kwa maandishi. Fomu nyingi za mifuko zinadai muhuri wa mthibitishaji. Hapa benki yako inaweza kukugongea bure. Ukingoja mpaka uwe Tanzania, ni safari ya ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, kwa miadi, dola 50 kwa kila muhuri, na nauli ya basi la Tanga juu.

Januari utapokea fomu 1099-R, taarifa ya pesa zilizotoka, kutoka kila mfuko uliohamisha pesa, na itakushtua kwa sababu kisanduku cha kwanza kitaonyesha kiasi chote. Tazama kisanduku 2a: kinatakiwa kiwe sifuri, na kisanduku cha 7 kiwe na herufi G. Kwa ule urithi, G itaambatana na 4, alama ya kifo. Ukiona 1 badala yake, piga simu siku hiyohiyo, maana hiyo ni alama ya aliyetoa mapema na faini inamngoja. Kwenye 1040, fomu ya hesabu zako za kodi, bado unaziandika, kiasi chote mstari 5a na sifuri 5b. Kutoziandika kabisa ndiko kunakoleta barua za IRS.

Na ile namba yako ya simu ya Marekani usiiue. Kila kampuni itakutumia msimbo wa kuingia kwa namba hiyo, na nimeshuhudia mtu yuko Raskazone, akaunti anaiona kwenye skrini, msimbo unaenda kwenye laini ambayo kampuni ya simu ilishampa mtu mwingine wa Houston. Ihamishie kwenye huduma ya intaneti ya bei ndogo kabla hujapanda ndege, ujaribu kupokea ujumbe mmoja, ndipo ufunge mabegi.

Fomu ya TRS irudishe kwenye bahasha. Tuma barua moja tu kwao, ya kubadili anwani na kuthibitisha jina la mrithi wako, kwa sababu naamini bado limeandikwa la kaka.